Kamusi Tano za Bure Mtandaoni: Ipi Inaviweza Vijineno vya Kiingereza?

Kamusi ya Kiingereza haipimwi kwa neno gumu. Andika "photosynthesis" kwenye kamusi yoyote, jibu litakuja papo hapo, tena ni lile lile kila mahali. Kazi ipo kwenye vijineno ambavyo kila mtu anaamini anavijua tangu darasani: "run", "set", "get", "like", "as", "since", "round", "that". Hivyo ndivyo vinavyomkwamisha mtu katikati ya mkataba, swali la mtihani au maelezo ya mashine, na kwa kuwa havina sura ya ugumu, hakuna anayefikiria kuvitafuta.

Ukubwa wa tatizo unaonekana kwenye Oxford English Dictionary, ile kamusi kubwa ya wataalamu. Toleo lake la pili, la mwaka 1989 na lenye juzuu 20, lililipatia neno "set" kama kitenzi maana 430, likawa ndilo lenye maelezo marefu kupita yote. Walipoanza kulipitia upya kwa ajili ya toleo la tatu, "run" likalipiku: maana 645 za kitenzi peke yake, na mhariri Peter Gilliver akalishughulikia kwa miezi tisa. Hakuna mwanafunzi anayezihitaji zote hizo. Anachotaka ni kufikishwa haraka kwenye ile moja iliyomo ndani ya sentensi yake. Hapo ndipo kamusi za wanafunzi zinapopishana.

Tunazozipima ni Oxford Learner's Dictionaries, Longman Dictionary of Contemporary English, Cambridge Dictionary, Collins COBUILD na The Britannica Dictionary. Zote zinaeleza Kiingereza kwa Kiingereza, zote zinasomeka bure kwenye kivinjari, na zote ziliandikwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mwenye haraka achukue hukumu hii: Longman kwa vitenzi vizito, COBUILD kwa viunganishi na vihusishi, Oxford kwa anayeandika, Cambridge kwa anayetaka jibu upesi. Britannica iwe ya akiba, hasa kwa Kiingereza cha Marekani.

Tuanze na sentensi moja: "The council runs a bus that runs every hour until the fuel runs out." Ina "run" tatu, na hakuna hata moja inayokimbia. Ya kwanza ni kuendesha huduma na ina yambwa (kitu kinachotendwa), yaani basi. Ya pili ni basi lenyewe kufanya safari, haina yambwa. Ya tatu imefungamana na "out" na maana yake ni kuisha.

Longman ndiyo inayomfikisha msomaji bila kumzungusha. Kitenzi na nomino viko kwenye ukurasa mmoja, kimoja chini ya kingine, vikiwa na namba. Kila maana kubwa imetanguliwa na kielekezi cha herufi kubwa chenye maneno machache: kuna cha kukimbia kwa miguu, cha mashindano, cha kusimamia shughuli, cha mabasi na treni, cha mashine na kadhalika. Usisome fasili. Teremsha macho kwenye vielekezi peke yake hadi ukutane na kinachofanana na mada ya sentensi yako, kisha soma hicho kimoja na mifano yake. Kwa sentensi yetu, kielekezi cha mabasi kinakukamata kabla hujachoka. Vitenzi vya maneno mawili, kama "run out", "run into" na "run over", vimeorodheshwa mwishoni mwa kitenzi kama viungo, na kila kimoja kinafungua ukurasa wake. Mpangilio wa maana unafuata wingi wa matumizi: inayotumika zaidi iko juu. Kando ya neno utaona alama kama S1 na W1. S1 inasema neno limo katika maneno 1,000 yanayotumika zaidi kwenye mazungumzo, W1 vivyo hivyo kwenye maandishi. Alama hizo hutolewa kwa kila aina ya neno, kwa hiyo zinakuonyesha kama kitenzi ndicho kinachotumika sana au nomino.

Fasili za Longman nazo ni nyepesi. Tangu toleo la kwanza la 1978 zimejengwa kwa msamiati wa maneno kama 2,000 tu, hivyo ni nadra kutafuta neno moja ukajikuta unatafuta mengine matatu ili uelewe maelezo yake. Kasoro yake ni matangazo kwenye ukurasa na urefu wa kuteremka. Kwa "get" utateremka sana.

Oxford inakwenda njia nyingine. Kila aina ya neno ina ukurasa wake: "run" kitenzi huku, "run" nomino kule. Ukurasa unakuwa safi, lakini kuna mtego. Ukiingia kutoka kwenye injini ya utafutaji, unaweza kutupwa kwenye ukurasa wa nomino wakati wewe unatafuta kitenzi, ukasoma mpaka mwisho, ukakata tamaa. Kabla ya kusoma chochote, tazama aina ya neno iliyoandikwa kando ya kidahizo, yaani lile neno linaloelezwa. Ikiwa siyo, fungua kisanduku kinachoorodhesha matokeo mengine na uchague inayofaa. Vitenzi vya maneno mawili navyo vimeorodheshwa chini kama viungo, kila kimoja na ukurasa wake.

Huo mgawanyo una faida moja kubwa: matamshi. Maneno kadhaa ya kawaida hubadilika sauti yanapobadilika aina. "Use" nomino inaishia kwa sauti ya s, kitenzi kwa sauti ya z. "Close" kwa maana ya karibu inaishia kwa s, ya kufunga inaishia kwa z. "Record" nomino inawekewa mkazo mwanzoni, kitenzi mwishoni. "Live" kitenzi na "live" kivumishi vina irabu tofauti kabisa. Kwa Oxford spika unayoibonyeza ni ya aina uliyo nayo mbele yako, haichanganyiki na nyingine. "That" ndilo la kuangalia zaidi, kwa sababu lina matamshi mawili: likiwa kiunganishi hutamkwa kwa irabu dhaifu, karibu limezwe, na likiwa la kuonyesha, kama "ile" au "yule", hutamkwa wazi. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "He said that that man was ill" bila kujikwaa. Ya kwanza imemezwa, ya pili imesimama. Kamusi inayokupa sauti moja tu ya "that" haijakueleza neno hilo.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita: alama za kitenzi. Longman na Oxford huandika kwa ukamilifu kama kitenzi kinachukua yambwa au hakichukui. Cambridge hutumia herufi T na I ndani ya mabano ya mraba. Britannica inaandika "+ object" na "no object", na kwa mtu asiyependa istilahi za sarufi hii ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Watumiaji huziruka alama hizi wakidhani ni za walimu, ilhali kwa msemaji wa Kiswahili ndizo ufunguo. Sisi tofauti hiyo tunaibeba kwenye mwisho wa kitenzi: nimefungua mlango, mlango umefunguka, amevunja kikombe, kikombe kimevunjika. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kinatumia "open" na "break" zile zile pande zote mbili. Kwa hiyo T inakuambia uko kwenye vunja, I inakuambia uko kwenye vunjika. Turudi kwa "run out": "the fuel runs out" ni mafuta yanaisha, na "we ran out of fuel" ni tumeishiwa mafuta. Oxford na Longman zote zinatenganisha hali hizo mbili, ya kitu kinachoisha na ya mtu anayeishiwa, na mifano ya kila moja. Anayeandika "the fuel ran out of" au "we ran out the fuel" alisoma maana akaacha muundo.

Ukija kwenye viunganishi na vihusishi, mizani inabadilika. Kwa "since", "as", "while" na "for", fasili fupi haisaidii. Kuambiwa kwamba "since" ni sawa na "because" au "from" kunakuacha pale pale. COBUILD ndiyo inayong'ara hapa. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1987 kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Birmingham ulioongozwa na John Sinclair, na waliijenga kutokana na hazina kubwa ya maandishi halisi kwenye kompyuta. Alama yake ya kujulikana ni kwamba fasili zake ni sentensi nzima: badala ya kukupa kisawe, inakueleza unalitumia neno wakati gani, pamoja na nini, kwa nia gani. Kwa neno kama "as", lisilo na kitu cha kukionyesha kwa kidole, hiyo ndiyo namna pekee yenye mantiki.

Chukua sentensi mbili: "Since he left, nobody has phoned" na "Since he has left, nobody will phone." Ya kwanza ni ya wakati, tangu aondoke. Ya pili ni ya sababu, kwa kuwa ameondoka. Neno ni lile lile na mahali pake ni pale pale. Kinachotofautisha ni njeo, yaani wakati wa kitenzi. "Since" ya wakati kwa kawaida huvuta "has" au "have" kwenye kishazi kikuu. Ukiona "will" huko, au wakati uliopo wa kawaida, karibu hakika ni sababu. Na kuna sentensi zinazobaki na pande mbili: "Since she left the firm, sales have fallen" inaweza kuwa ya wakati tu, au mwandishi anadokeza lawama. Hakuna kamusi itakayokuamulia hilo. Ukiandika wewe mwenyewe na unataka sababu, weka "because" ukamalize ubishi. "As" ina ugonjwa huo huo, na zaidi: "As it got dark, we left" inasomeka giza lilipoingia au kwa vile giza liliingia, na hakuna cha kukuamulia.

COBUILD ina udhaifu wake. Kwanza, haitenganishi aina za maneno kama wenzake. Inaeleza kitenzi, kisha chini yake inasema neno hilo pia ni nomino, kisha inarudi kwenye kitenzi. Aliyezoea Oxford ataona fujo. Kwa maneno makubwa sana imejaribu kupunguza tatizo kwa kuligawa neno mafungu yenye vichwa: "like" ina fungu la kihusishi na kiunganishi, na fungu la kitenzi, "get" imegawanywa kwa maana, kwa mfano kupata kando, kubadilika na kufika kando. Soma kichwa cha fungu kwanza. Pili, tovuti ya Collins inaweka kamusi kadhaa kwenye ukurasa mmoja: COBUILD iko juu, chini yake inakuja Collins ya kawaida ya Kiingereza cha Uingereza, kisha ya Kimarekani. Mbili hizo za chini hazikuandikwa kwa ajili ya mwanafunzi. Ukiona maelezo yamekuwa mafupi na makavu ghafla, umeshavuka mpaka, rudi juu.

Cambridge ni nyepesi, na mara nyingi inatosha. Kila kundi la maana lina neno dokezi la herufi kubwa kando ya kidahizo, na kila maana ya kawaida ina kiwango cha umahiri wa lugha, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya mbobezi. Oxford nayo inaweka viwango vya aina hiyo. Faida yake ni hii: mwanafunzi aliye B1 akifungua neno lenye maana nyingi anaweza kujifunza zile zenye A na B, nyingine akaziacha kwa amani. Hatari ni kuliona neno limeandikwa A1 juu ukadhani umelimaliza, kumbe ni maana moja tu iliyo A1. Tazama kiwango cha maana unayoisoma. Ubaya wa Cambridge ni ule wa Collins: chini ya sehemu ya Kiingereza cha Uingereza kuna ya Kimarekani na ya biashara, na maana zinajirudia.

Britannica haihitaji maneno mengi. Ni ile kamusi ya wanafunzi ya Merriam-Webster iliyotoka mwaka 2008, sasa iko chini ya jina la Britannica, na sifa yake ni wingi wa mifano. Usiichanganye na kamusi kuu ya Merriam-Webster, kwa sababu hiyo hupanga maana kwa historia: iliyoanza kutumika zamani ndiyo inayotangulia. Ukilitafuta "set" humo, ya kwanza kukutana nayo ni kumkalisha mtu kitini. Anayesoma namba moja na kufunga ukurasa, kama wengi wetu tunavyofanya, ataondoka na maana ya kale.

Kwenye nomino, kosa linalojirudia ni la kuhesabika. "Experience" isiyohesabika ni uzoefu. "An experience" ni tukio lililokupata. Anayeandika kwenye barua ya kazi "I have many experiences in accounting" amemwambia mwajiri kwamba uhasibu ulimpatia visa vingi. "Paper" isiyohesabika ni karatasi kama malighafi, inayohesabika ni gazeti, makala ya kitaaluma au mtihani. "Work" ni kazi, "a work" ni kazi ya sanaa. "Room" ni nafasi, "a room" ni chumba. Kamusi zote hizi huweka alama, lakini alama iko kwenye kila maana, si kwenye neno zima. Watu huiona C (ya kuhesabika) kwenye maana ya tatu wakaipeleka kwenye ya kwanza. Oxford, inayoandika "countable" na "uncountable" kwa urefu, inapunguza kosa hilo kuliko Cambridge yenye herufi C na U.

Kuna kundi jingine linalowasumbua hata wazoefu: maneno ambayo kumbe ni umbo la wakati uliopita la neno jingine. "Left" ni kushoto, na pia ni "leave" iliyopita. "Saw" ni msumeno, na pia ni "see" iliyopita. "Lay" ni kulaza, na pia ni "lie" iliyopita. Iangalie hii: "The brothers found a school." Kama ni "find" iliyopita, walipata shule. Kama ni "found" ya sasa, wanaanzisha shule. Wakati wake uliopita ungekuwa "founded". Ukilitafuta neno la namna hii, usiridhike na maelezo marefu yaliyoko juu. Tafuta kijimstari kinachosema ni "past tense" ya neno fulani. Ni kifupi, huwa kimejificha kabla au baada ya maelezo makubwa ya neno. "Set", "put", "cut" na "let" zina jambo lake: hazibadiliki kabisa. Kidokezo ni herufi s. "She set the date" haina s, kwa hiyo ni wakati uliopita. Ingekuwa sasa ingekuwa "sets". Kwa "they" huna kidokezo hicho, itakubidi usome sentensi ya jirani.

Kwa kamusi yoyote kati ya hizi, kazi nusu inafanyika kabla ya kuifungua. Weka kidole kwenye neno, utazame majirani zake. Kama kushoto kuna "the", "a" au "my" na kulia hakuna nomino, ni nomino. Kama kushoto kuna "to", "will" au "can", ni kitenzi. Jaribu kwa "round", neno lenye aina tano: "a round table" ni kivumishi, "the second round" ni nomino, "they rounded the corner" ni kitenzi, "she turned round" ni kielezi kwa kuwa hakuna kinachofuata, "round the house" ni kihusishi kwa kuwa nomino inafuata. Ukishajua aina, nenda sehemu hiyo tu. Kisha tazama kama kuna yambwa. Kisha tazama neno dogo linalofuata kitenzi, maana "out", "up", "off" na "into" hubadilisha kila kitu. Mwisho soma mfano, si fasili, na uweke maneno ya sentensi yako mahali pa yale ya mfano. Yakikaa, umefika.

Chombo cha kutafsiri kisitumike kwa neno moja moja. Ukikipa "run" peke yake kitakupa kukimbia, na "she ran a bath", yaani alijaza maji ya kuoga, itakuwa kichekesho. Kipe sentensi nzima, halafu jibu lake ulihakiki kwa kamusi. Wiktionary ina jedwali la tafsiri kwa kila maana, Kiswahili kikiwemo kwa baadhi ya maneno. Inafaa kwa kudokeza, lakini ubora wake unatofautiana sana kutoka neno hadi neno, na mgawanyo wake unafuata asili ya neno kwanza: "well" ya kisima iko fungu lake, "well" ya vizuri iko jingine.

Viungo vya kamusi ya Macmillan ambavyo bado vimetapakaa kwenye kurasa za masomo havifiki popote. Tovuti hiyo ilifungwa mwaka 2023. Anayependelea kitabu cha mkononi na akakuta nakala iliyotumika ya Longman atazame mwaka kwanza: vile vielekezi vya herufi kubwa viliingia na toleo la tatu, mwaka 1995. Nakala ya kabla ya hapo ina fasili nyepesi zile zile, ila kwa "get" na "run" utasoma safu nzima mstari kwa mstari.